Bawa la ubao au bawa la mbavu: ndege ya kamba ya kuanzia ukiwa Tabora

"Mjomba, tuanze na ipi?"

Mpwa wangu aliuliza hivyo Juni iliyopita, boksi la balsa, zile mbao nyepesi za kujengea ndege, likiwa limefunguliwa juu ya meza ya sebuleni na michoro miwili imetandazwa pembeni yake. Mmoja ulikuwa wa ndege ndogo yenye bawa la ubao mtupu, bapa kama rula. Wa pili ulikuwa wa ndege kubwa yenye bawa la mbavu, nene, la kuvikwa karatasi ya shashi. Macho yake yalikuwa kwenye ule wa pili. Yangu pia yalikuwa hukohuko nilipoanza, nikalipia kwa miezi mitatu ya kazi. Ndiyo sababu nimekaa kuandika ulinganisho huu kwa yeyote wa Tabora, Kigoma au kwingine anayejiuliza swali hilohilo.

Kwa asiyeijua, ndege ya kamba ni ndege ndogo ya mfano yenye injini au mota, na haina redio. Kamba mbili nyembamba zinatoka kwenye ncha ya bawa la kushoto mpaka kwenye kishikio kilicho mkononi mwa rubani, naye anasimama katikati ndege ikimzunguka kinyume cha saa. Ndani ya ndege kamba hizo zimeshika kipande cha pembetatu kinachocheza kwenye bolti moja, wenyewe wanakiita belikranki. Ukiinua kishikio, belikranki inavuta fimbo, fimbo inageuza eleveta, kile kibao cha mkiani kinachocheza juu na chini, ndege inapanda. Ukikiinamisha, inashuka. Jim Walker wa Portland, Marekani, ndiye aliyeueneza mtindo huu kuanzia miaka ya 1940, na mpaka leo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lina mashindano yake ya kasi, sarakasi, mbio na vita. Aliyewahi kurusha tiara atauelewa upesi, maana utamu wake ni uleule: mkono unaisikia ndege.

Balsa yenyewe

Nianze na balsa, kwa kuwa hapo ndipo fedha inapokwenda. Mti wake ni wa Amerika ya Kati na Kusini, na sehemu kubwa ya balsa inayouzwa duniani inatoka Ekwado. Hapa Tabora huikuti dukani. Unaiagiza, inashukia Dar es Salaam, kisha inapanda basi au treni kuja huku. Boksi refu na jembamba kwenye buti la basi halina bahati. Katika agizo langu la kwanza, mbao tatu kati ya kumi zilifika zimevunjika katikati. Siku hizi naomba zikatwe vipande vya sentimita 50 kabla ya kufungwa. Ndege ya bawa la ubao inatoka yote kwenye vipande hivyo. Ya mbavu inataka mihimili mirefu isiyoungwa, ile inayobeba mbavu, kwa hiyo hata kabla hujashika kisu, ya kwanza imeshakupunguzia tabu.

Halafu balsa hazifanani. Iliyo nyepesi ina kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, ya wastani 160, nzito hupita 200. Mninga wetu unakwenda mara nne ya hiyo ya wastani. Tofauti hizo si za kupuuza. Bawa la ubao la sentimita 50 kwa 12.5, unene milimita 6, lina sentimita za ujazo 375. Likitoka kwenye balsa ya kilo 120 litapima gramu 45. Likitoka kwenye balsa ya kilo 200 litapima gramu 75. Ndege nzima inatakiwa iwe na gramu 200 hivi, kwa hiyo gramu 30 hizo utazisikia mkononi kila ndege inapopanda. Mimi kila ubao ninaupima kwenye mizani ya jikoni siku unapofika na kuandika uzito wake pembeni kwa penseli. Kwa bawa la ubao nachagua wa wastani, wenye nyuzi zilizonyooka. Kwa mbavu natafuta ule mgumu usiopindika, wenye madoadoa yanayong'aa kama magamba ya dagaa ukiuelekeza kwenye mwanga.

Watu huniuliza kama mbao zetu haziwezi kuchukua nafasi ya balsa. Kwenye bawa, hapana. Lakini vipande viwili vya kushikilia injini ni bora viwe vya mninga. Balsa itasagika kwa mtikisiko. Pua ninaiimarisha kwa plaiwudi nyembamba pande zote mbili. Fimbo ya eleveta ni spoki ya baiskeli, na baiskeli Tabora hazikosekani. Ile fomu nyeupe inayofungia televisheni inafaa kwa majaribio ya ndege ya umeme, ila usiiguse kwa supa gluu, inayeyuka mbele ya macho yako.

Mezani

Bawa la ubao halina mengi ya kusimulia. Unaunga vipande viwili ubavu kwa ubavu, unaviringisha ukingo wa mbele kwa msasa, unachongesha wa nyuma, unachomeka bawa kwenye kiwiliwili ambacho nacho ni ubao bapa, unafunga belikranki, unapaka vanishi mara tatu huku ukisugua katikati. Jioni mbili, tuseme tatu kama gundi ya mbao inachelewa kukauka. Mtoto wa darasa la saba anaweza, akikaa na mtu mzima pale kwenye kisu.

Bawa la mbavu ni kazi ya kujivunia, na nitaisimulia kwa kirefu kwa kuwa naipenda. Kwanza unakata violezo viwili vya plaiwudi vyenye umbo la ubavu. Katikati yake unapanga vipande vya balsa vya milimita 2, ishirini na kitu, unavibana kwa bolti mbili ndefu, kisha unachonga bunda zima kwa kisu na msasa mpaka balsa ifikie ukingo wa plaiwudi. Ukifungua bolti mbavu zinaachana kama karata, zote sawasawa. Unazisimamisha kwenye mhimili, moja baada ya nyingine, juu ya mchoro uliofunikwa nailoni ili gundi isishike karatasi. Hapo sasa ndipo penye siri: ubao wa chini lazima uwe umenyooka kweli. Mimi natumia mlango wa zamani nilioukagua kwa uzi uliovutwa kutoka kona hadi kona. Ukijengea juu ya meza iliyopinda, bawa nalo litapinda, na ndege ya kamba haina kitu cha kurekebishia ulalo hewani. Itaruka imelala upande mmoja maisha yake yote.

Kisha shashi. Unaibandika ikiwa kavu, unainyunyizia maji, inakauka na kujikaza kama ngozi ya ngoma, ndipo unapaka dawa ya kuikaza na kuziba vitundu. Jioni ukiinua bawa hilo mlangoni, jua la magharibi linapenya na unaziona mbavu zote kwa ndani. Sijaona kitu kingine nilichotengeneza kwa mikono hii kinachopendeza namna hiyo.

Lakini hali ya hewa yetu hailihurumii. Miezi ya kiangazi hewa ya Tabora ni kavu na shashi inakazana. Mvua zikianza Novemba inalegea, na bawa lililohifadhiwa vibaya linajinyonga. Dawa yake ni mvuke wa birika: unalipitisha juu ya mvuke huku ukilinyonga kwenda upande wa pili, unalishikilia mpaka lipoe. Inafanya kazi, ila inataka watu wawili na uvumilivu. Bawa la ubao nalo hupinda, mara chache zaidi, na unalinyoosha kwa njia hiyohiyo ndani ya dakika kumi.

Hewani

Hapa ya mbavu inashinda na lazima nikiri waziwazi. Chukua ndege ndogo ya gramu 200 kwenye kamba za mita 10. Duara lake lina mzunguko wa mita 63. Ikilimaliza kwa sekunde 5 inakwenda kilomita 45 kwa saa, na mvuto unaousikia mkononi ni kama gramu 320. Kidogo mno. Sasa chukua ya mbavu yenye injini ya sentimita za ujazo 2.5, uzito gramu 700, kamba mita 16, duara la mita 100 kwa sekunde 4.5. Hiyo ni kilomita 80 kwa saa na mvuto wa kilo 2 na ushei. Upepo ukivuma, ndege ndogo inasukumwa ndani ya duara upande ule upepo unakotoka, kamba zinalegea, na kamba iliyolegea haina usukani. Ya mbavu inapita pale imekaza.

Bawa nene linabeba zaidi pia, kwa hiyo linageuka kwa kona kali bila kupoteza mwendo. Kitanzi, kuruka kichwa chini, nane ya kulala, hayo ni mambo yake. Ya ubao itakupa kupanda, kushuka, na kitanzi kipana siku ukiwa na mkono mtulivu.

Wenzetu wa Kigoma waongeze jambo moja kwenye hesabu: kiwanja. Tabora ni tambarare, duara lenye kipenyo cha mita 32 ukiongeza nafasi ya watazamaji linaingia kwenye kiwanja chochote cha mpira. Kigoma ni milima mpaka ziwani. Kama sehemu bapa uliyo nayo ni mita 25 tu, mjadala umekwisha, jenga ndogo. Na urushe asubuhi na mapema, upepo wa ziwa haujaamka.

Kote kuwili, msawazo ni uleule. Kitovu cha uzito kikae sentimita moja au mbili mbele ya pale kamba zinapotokea. Kwenye ncha ya bawa la nje weka uzito mdogo wa kulipia uzito wa kamba. Kwenye ndege ndogo ninabandika sarafu ya shilingi 200. Ndege irushwe ikiwa upande upepo unakoelekea, ili upepo uisukume nje na kamba zikae zimekaza tangu mwanzo.

Inapoanguka

Mwanzoni niligusia ile miezi mitatu niliyolipia. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa ya mbavu, jioni za miezi mitatu. Niliirusha Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja cha shule. Mzunguko wa kwanza nikautazama kwa machozi ya furaha. Wa pili kichwa kikaanza kuzunguka, maana nilikuwa naangalia miti na majengo yanayopita nyuma badala ya kuikazia macho ndege yenyewe. Wa tatu nikainua mkono kupita kiasi. Ikapanda wima mpaka juu ya kichwa changu, kamba zikalegea, ikashuka kama embe bivu. Mbavu tisa zilisagika, ukingo wa mbele ulikatika mara tatu, na mhimili ulichanika kwa urefu kiasi kwamba hata kuunga haukuungika. Mbavu za kuchonga upya ningeweza. Balsa ndefu ya mhimili ilibidi niagize tena na kusubiri wiki saba.

Ndege ya ubao tuliyojenga na mpwa wangu iliangushwa siku yake ya kwanza mara mbili. Bawa likakatika katikati, mkato safi. Tulikaa chini ya mwembe, nikatia supa gluu pande zote mbili, nikalishikilia hesabu ya sitini, tukabandika kiraka cha balsa chini yake. Iliruka tena kabla ya saa nne asubuhi. Kijana aliondoka kiwanjani akiwa amerusha mara sita.

Kwangu mimi hapo ndipo uamuzi ulipo. Anayeanza ataanguka, si mara moja, na mkono unajifunza kwa idadi ya mizunguko. Mtu wa Nairobi au London akivunja mhimili anaweza kununua mwingine mapema. Sisi huku tujiulize: nikiivunja leo, nina kitu gani nyumbani cha kuitengenezea usiku wa leo?

Injini au umeme

Swali hili linakuja pamoja na la bawa na sitalikwepa. Injini ndogo ya sentimita za ujazo 0.8, kama zile za Cox, ni kitu cha kupendeza, na sauti yake watoto wa mtaa mzima wataifuata. Mafuta yake ni methanoli, mafuta ya nyonyo na nitromethani. Mnyonyo umejaa nyuma ya nyumba zetu, lakini injini inataka mafuta safi yaliyochujwa sawasawa, na methanoli haipatikani kirahisi. Ni sumu inayopofusha na kuua, kwa hiyo kama kuna watoto wadogo nyumbani ifungiwe kwa kufuli. Inalainisha rangi nyingi za kawaida. Mafuta ya nyonyo nayo yakiingia kwenye ufa wa balsa, gundi haishiki tena pale, jambo linaloharibu ule uzuri wa kutengeneza chini ya mwembe. Na vumbi letu la Agosti linakula silinda.

Kuna na hewa. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Joto la mchana linaipunguza zaidi. Injini inayopumua hewa inapoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Mota ya umeme haipumui. Unaifunga propela kubwa kidogo na inaendelea. Betri ya lithiamu ya seli tatu inachajiwa kwa chaja inayokula betri ya gari au ya sola, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi Jumamosi yako. Masharti yake ni machache lakini si ya mchezo: chaja iwe inayosawazisha seli, usivuke volti 4.2 kwa seli, usilale ikichaji, na betri iliyovimba usiirudishe kwenye ndege. Utahitaji pia taima ya kuzima mota baada ya dakika nne hivi, kwa kuwa ndege ya kamba haina swichi mkononi mwako.

Kwa ndege ya ubao ya kuanzia huku kwetu nachagua umeme bila kusitasita. Kwa ya mbavu, kama una njia ya uhakika ya kupata mafuta, injini bado ina raha yake.

Kamba

Ndege ndogo inatosheka na uzi wa kusuka wa kuvulia samaki, ule usiovutika. Duka la zana za uvuvi Kigoma linao. Usichukue mshipi wa nailoni wa kawaida. Unarefuka kama mpira, unainua mkono na ndege inakusikia ikiwa imeshachelewa. Kwa ndege ya mbavu ni waya wa chuma uliosukwa, kama milimita 0.38, na hakuna mbadala. Zote mbili, kila kabla ya kuruka, mwenzako ashike ndege nawe uvute kishikio kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wake: kilo 2 kwa ndogo, kilo 7 kwa kubwa. Kishikio kifungwe kwenye kifundo cha mkono kwa kitanzi.

Na usirushe karibu na nyaya za umeme. Hesabu urefu wa kamba, ongeza mwingine kama huo, uwe mbali zaidi ya hapo. Kamba ya chuma ikigusa waya mkubwa, anayeshika kishikio anakufa. Wingu la radi likionekana hata kwa mbali, kunja vitu vyako.

Nani achukue ipi

Kama hujawahi kurusha, au unajenga na mtoto, au balsa yako inasafiri wiki nyingi kukufikia, jenga ya ubao, tena jenga mbili kwa mpigo kwenye agizo moja. Kama umesharusha mizunguko mia na zaidi bila kizunguzungu, una ubao ulionyooka wa kujengea, una kiwanja kipana, na umeweka mihimili ya akiba darini, basi ya mbavu inakungoja. Kuna wanaoanza na ya mbavu wakafaulu, hasa wenye mwalimu anayeweza kushika kishikio pamoja nao mizunguko ya mwanzo. Ukiwa na mtu wa namna hiyo jirani, nisikilize kidogo na umsikilize yeye zaidi.

Mpwa wangu alikubali ya ubao kwa shingo upande. Imeshavunjika bawa mara nne, na sasa viraka vyake vimeongeza gramu 11, anazijua kwa hesabu. Mwezi uliopita alileta mwenyewe violezo vya plaiwudi alivyokatiwa na seremala na kunishikisha bolti mbili. Mbavu ishirini na mbili ziko kwenye kikapu juu ya kabati, kila moja ina uzito wake kwa penseli, na ule mlango wa zamani ameshaukagua kwa uzi mara mbili.